Ukisikia Marubani Wanabishania Ndege: Barua kwa Mwanangu Neema

Mwanangu Neema,

Mbukwa. Huku Dodoma hatujambo. Mama yako anakusalimu sana na bado anadai picha yako ukiwa na sare. Mvua haijashuka, jua la mchana ni kali kwelikweli, na hilo jua nitalirudia maana linahusu kazi ya urubani unayosomea.

Ulinieleza kwenye simu kwamba wakufunzi wenu wawili walibishana ndege zipi ni bora, mmoja upande wa Boeing, mwingine wa Airbus, ukaniuliza nani mkweli. Jibu ni refu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Ubishi huo mimi niliukuta nilipoingia kwenye ufundi, ila enzi hizo ulikuwa wa Boeing na Douglas. Marubani wetu wakubwa walitoka East African Airways, ambako walirusha DC-9 ya Douglas. Shirika lile lilipovunjika mwaka 1977, ikaanzishwa Air Tanzania, na haukupita muda zikaja Boeing 737-200. Kwa hiyo tulikuwa na watu walioijua kila ndege kwa mikono yao. Wakishatua, wakiwa wanatusubiri tumalize ukaguzi, mjadala ulianza, nami sikuwa nasogea mbali.

Jambo lililonishangaza ni kwamba injini ilikuwa ya aina moja. DC-9 iliruka mara ya kwanza mwaka 1965, 737 mwaka 1967, na zote zilitumia JT8D ya Pratt & Whitney. Tofauti ni pale ilipofungwa. Douglas waliziweka injini mbili mkiani, Boeing wakazibana chini ya mabawa.

Waliopenda DC-9 walisema hivi: injini zikiwa mkiani zipo karibu na mstari wa kati, basi moja ikizima wakati wa kuondoka, ndege haivutwi sana upande. Bawa nalo linabaki safi, halina kitu kinachoning'inia. Usukani wake pia waliusifu. Rubani alipovuta, nyaya hazikusogeza sehemu yote inayopandisha na kushusha pua. Zilisogeza kibao kidogo ukingoni mwake, halafu upepo wenyewe ukaisukuma sehemu kubwa. Mzee mmoja alikuwa akisema anaihisi hewa viganjani. Kwenye 737 kazi hiyo ilifanywa na haidroliki, yaani mitambo ya shinikizo la mafuta, na nyaya zilikuwa za akiba iwapo mitambo itakufa. Hapo ndipo unapohitaji misuli.

Waliopenda 737 nao hawakukosa hoja. Injini iliyo chini ya bawa inalilemea bawa kwa chini wakati hewa inalisukuma juu, kwa hiyo bawa halipindwi sana na linaweza kujengwa kwa uzito mdogo. Kwa ndani, 737 ina viti sita kwa safu, DC-9 vitano. Halafu lipo suala la mkia. Ndege yenye mkia wa umbo la T, kama DC-9, ikiinua pua kupita kiasi, hewa iliyovurugika inayotoka kwenye mabawa huufunika mkia, na rubani anasukuma usukani bila pua kushuka. Mwaka 1963 BAC One-Eleven ya Waingereza ilianguka hivyo kwenye majaribio na watu wote saba waliokuwemo wakafa. Douglas walijifunza kutokana na msiba ule, wakaupanua mkia wa DC-9. Neema, hili usilipite haraka darasani. Kuna watu walilipa kwa roho zao ili wewe ulikute kitabuni.

Sisi mafundi tulikuwa na la kwetu. Injini ya 737-200 unaifungua ukiwa umesimama chini, na huo ni uzuri ambao rubani haujui. Ubaya wake ni kwamba ikiwa chini hivyo inaweza kumeza kokoto. Boeing walitengeneza vifaa maalumu kwa viwanja vya changarawe, pamoja na kibomba kinachopuliza hewa mbele ya mdomo wa injini kuvunja kimbunga kinachonyanyua mawe.

Sasa nirudi kwenye jua. Kiwanja chetu cha Dodoma kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko ni nyepesi, na joto la saa nane linaizidishia wepesi. Bawa linapata nguvu pungufu, injini inapungukiwa msukumo, na ndege inataka kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Nairobi iko juu zaidi ya hapa, Johannesburg ndiyo kabisa. Kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo Waingereza walitengeneza VC10: injini nne za Rolls-Royce Conway mkiani, na mabawa yaliyoachwa huru yafanye kazi ya kunyanyua tu. East African Airways waliichukua, aina ya Super VC10, kuanzia mwaka 1966. Sijasikia rubani aliyeirusha akaisema vibaya. Abiria pia waliipenda kwa utulivu wake.

Lakini zilitengenezwa 54 tu, wakati Boeing 707 za abiria zilipita 800. Umbo lile liliifanya nzito, ikanywa mafuta kuliko 707, na viwanja vingi vikarefusha barabara zao za kurukia. Baada ya hapo 707 nayo iliweza kuondoka na mzigo wake, na uhodari wa VC10 ukawa gharama isiyo na sababu. Ndiyo maana nakwambia, rubani akiisifu ndege mbele yako, muulize alikuwa akiondokea kiwanja gani, saa ngapi, na mzigo kiasi gani. Wakufunzi wako wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa njia za anga alizopitia.

Hizo VC10 zetu zilizobaki zilichukuliwa na jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa za kujaza ndege nyingine mafuta angani. VC10 ya mwisho kabisa kuruka, Septemba 2013, ni ile iliyoanza maisha kwa namba ya usajili ya Tanzania, 5H-MMT. Najivunia hilo.

Na ushindani wenyewe? Mwaka 1997 Boeing waliinunua McDonnell Douglas, ndiyo Douglas ile baada ya kuungana na McDonnell, na mjukuu wa DC-9, aliyekuwa aitwe MD-95, akauzwa kwa jina la Boeing 717. Leo Air Tanzania ina Airbus A220 na Boeing 737 MAX katika kundi moja, kwa hiyo huenda ukazirusha zote. Msalato, kiwanja kipya cha Dodoma, kimepangiwa barabara ya kurukia ya kilomita 3.6. Piga hesabu za kuondoka hapo na za kiwanja cha mjini, joto nyuzi 32, uzito uleule, unitumie nizikague.

Ukija likizo tutakwenda kwa mzee mmoja aliyerusha DC-9 na 737. Anaishi Kikuyu, hapahapa Dodoma, bado ana kumbukumbu kali. Andaa maswali kuhusu kuzimikiwa injini moja wakati wa kuondoka, na uje na daftari.

Baba yako