Barua kwa Rafiki: Lebo Inapokutana na Mkia Wake

Swahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Barua yako ilinifikia nikiwa buheri wa afya, na nimefurahi kusikia kwamba kazi yako imekua hadi mikono haitoshi tena kubandika lebo. Umeniuliza swali moja tu, nalo ni mashine ya aina gani ununue ili lebo izunguke chupa nzima na kukaa sawa. Nitakujibu, lakini niwie radhi nikianza mbali kidogo, kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua mashine kabla hawajaijua vizuri chupa yao wenyewe, na baadaye wakagundua kwamba kosa walilokuwa wakilifanya polepole kwa mkono sasa linafanyika mara thelathini kwa dakika.

Lebo inayozunguka chombo ina jambo moja ambalo lebo ya mbele peke yake haina: inakutana na mkia wake. Lebo ya mbele ikiinama kidogo, jicho husamehe, kwa kuwa hakuna cha kulinganisha nacho. Lebo ya kuzunguka haina msamaha huo. Chukua chupa yenye kipenyo cha milimita 65. Zidisha kwa pai, utapata mzingo wa milimita 204 hivi. Ikiwa lebo imeingia kwenye chupa hiyo ikiwa imeinama kwa nyuzi moja tu, kiasi ambacho huwezi kukitambua inapoanza kugusa, basi itakapomaliza mzunguko mwisho wake utakuwa umepanda au kushuka kwa milimita tatu na nusu kutoka pale ulipoanzia. Mtu yeyote atakayeigeuza chupa ataona ngazi.

Nakumbuka nilipoteza siku nzima nikilaumu gundi, kisha nikamlaumu aliyechapa lebo, nikawa karibu kuivunja mashine yenyewe, kwa sababu kila chupa ilikuwa inatoka na ngazi ya zaidi ya milimita tatu. Jioni niliondoa chupa nikapapasa kwa kidole pale inapokaa, nikakuta bonge dogo la lebo zilizodondoka na kuganda upande wa kushoto, unene wake kama milimita moja. Nililikwangua, na chupa iliyofuata ikafunga sawasawa. Baadaye nikiwa nimetulia nilipiga hesabu: kitako kikiinuka milimita moja upande mmoja, maungio huachana kwa milimita moja mara pai, yaani tatu na ushei, wala haijalishi chupa ni nene au nyembamba. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachokigusa asubuhi ni kitako cha kuwekea chupa, na kitambaa chenye spiriti hakikai mbali nami.

Basi kabla ya mashine, pima chupa. Usiamini namba uliyopewa na muuzaji wa chupa, na usipime moja tu. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushie chupa kwa nguvu mahali pa juu panapoanzia lebo, utie alama kwa kalamu yenye ncha kali panapopishana, kisha ufanye hivyo hivyo katikati na chini. Rudia kwa chupa kumi za mfuko mmoja na kumi za mfuko mwingine. Vipimo vya juu na chini vikitofautiana, chupa yako ina umbo la pia, hata kama machoni ni mcheduara kamili, na lebo iliyokatwa kwa pembe mraba itakayopakwa juu yake itapanda kama mzabibu au itatoa mikunjo kwenye ukingo mmoja. Chombo cha namna hiyo kinahitaji lebo iliyokatwa kwa upinde, na mashine inayoweza kuinamishwa ili kuufuata mteremko wake. Wengi hawalijui hilo hadi wamekwisha kuchapa maelfu ya lebo.

Urefu wa lebo nao una hekima yake. Ukitaka ipishane, ongeza kati ya milimita 6 na 10 juu ya mzingo, na umwambie mchapaji asipake vanishi kwenye ukanda ule wa kupishana, kwa sababu gundi nyingi haziipendi vanishi na mkia utaanza kuchomoza baada ya siku chache. Kamwe usiagize lebo yenye urefu sawasawa na mzingo ukitumaini kwamba ncha zitagusana bila kupishana: chupa ikinenepa nusu milimita tu kwa kipenyo, mzingo huongezeka kwa zaidi ya milimita moja na nusu, na pale ulipotarajia mstari utaona ufa. Kwa lebo zenye gundi yake, zile tunazoziita stika, mimi binafsi napendelea kuacha nafasi ya wazi ya milimita tatu au nne nyuma ya chupa. Nafasi iliyoachwa kwa makusudi huonekana kama pambo, na hakuna mkia wa kuinuka.

Sasa nije kwenye mashine. Kwa ufupi, kuna familia mbili. Ya kwanza hupaka gundi wakati ule ule wa kubandika. Katika mashine za makopo, kopo hulala ubavu na kubingirika. Linapita juu ya gurudumu linaloligusa kwa gundi ya moto, linabingirika juu ya rundo la lebo za karatasi, gundi inaibeba lebo ya juu kabisa, na kopo linajivisha lenyewe huku mkia wa lebo ukipakwa gundi ya pili kabla ya kufungwa. Ni ubunifu unaonifurahisha kila ninapoutazama, maana kazi yote ya kuzungusha inafanywa na kopo lenyewe. Katika viwanda vikubwa vya chupa za plastiki, lebo huja kama utepe mrefu wa plastiki nyembamba, mara nyingi polipropilini, unaokatwa na kisu kinachozunguka; kipande hushikwa kwa uvutaji wa hewa kwenye ngoma, kikapakwa gundi ya moto kwenye ncha mbili tu, ya mbele na ya nyuma, na kukabidhiwa kwa chupa. Lebo yenyewe ni ya bei nafuu kuliko stika kwa kuwa haina karatasi ya mgongoni ya kutupwa. Lakini gundi hiyo hufanya kazi ikiwa kati ya nyuzi 120 na 170 za selsiasi, hutaka kusafishwa kila siku, na mashine hizo hazina maana kwa mtu anayebandika chupa mia kadhaa kwa siku. Familia hiyo iache.

Familia inayokufaa ni ya stika. Lebo za kujibandika kwa namna tunayozijua leo zilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1935 na Stanton Avery, na kiini chake hakijabadilika: lebo inakaa juu ya karatasi iliyopakwa silikoni, ikishika kiasi cha kutodondoka na kuachia kiasi cha kubanduka. Ndani ya mashine, utepe huvutwa juu ya bamba la chuma lenye ukingo mwembamba na kugeuzwa nyuma ghafla. Karatasi ya mgongoni inakubali kugeuka. Lebo, kwa kuwa ina ukakamavu wake, inakataa, na inasonga mbele moja kwa moja kuelekea kwenye chupa. Ukilielewa hilo utajua kwa nini lebo laini mno husumbua: inakosa ukaidi wa kutosha, inafuata karatasi na kurudi nayo. Kihisi kinachotazama nafasi kati ya lebo na lebo ndicho kinachoiambia mota isimame. Kama lebo zako ni angavu juu ya karatasi angavu, kihisi cha mwanga huwa kama kipofu, na utahitaji kinachotumia mawimbi ya sauti au chaji ya umeme. Mweleze muuzaji mapema.

Kinachotofautisha mashine hizi ni namna zinavyoizungusha chupa. Nyingine huishika chupa kati ya rola tatu, mbili zikiibeba na ya tatu ikiibana, na chupa huzunguka papo hapo bila kwenda popote. Nyingine huipitisha chupa ikisimama kwenye mkanda wa kusafirishia, kati ya mkanda wa pembeni unaokimbia na ubao wa sponji uliotulia, na chupa huviringika kati yake. Njia hii ya pili ni ya kasi zaidi, lakini ina hesabu ambayo usipoijua itakutesa. Chupa iliyobanwa kati ya kitu kinachokimbia na kitu kilichosimama husonga mbele kwa nusu ya mwendo wa kile kinachokimbia. Kwa hiyo mkanda wa pembeni unapaswa kwenda mara mbili ya mkanda wa chini, la sivyo kitako cha chupa kitaburuzwa na chupa itaanza kuyumba. Pia, ili ile chupa yetu ya milimita 65 ikamilishe mzunguko mmoja, ni lazima isonge mbele milimita 204, na ubao wa sponji uwe mrefu zaidi ya hapo ili mkia nao upate kukandamizwa. Nimewahi kuona mashine iliyouzwa kwa sifa nyingi huku ubao wake ukiishia pale pale lebo inapohitaji mkono wa mwisho.

Ukiona malengelenge ya hewa au mikunjo ya wima, tazama kama lebo inatoka kwa kasi kuliko uso wa chupa unavyozunguka. Ikitoka polepole mno, itavutwa, itajinyoosha kama ni plastiki, na siku ya pili itajirudi na kuacha ukingo wa gundi unaokusanya vumbi. Chupa laini ya plastiki iliyo tupu hubonyea chini ya rola, kwa hiyo ibandike ikiwa imejazwa na kufungwa. Na chupa yenye umande, au yenye mafuta uliyodondosha wakati wa kujaza, usiibandike kabisa. Hakuna mashine itakayokusaidia hapo.

Jambo jingine lililonigharimu ni mwelekeo wa kuviringa. Lebo zinaweza kuviringwa zikitazama nje au ndani, na zinaweza kutangulizwa kwa ubavu wa kulia, wa kushoto, kichwa au miguu. Mara moja niliagiza bila kutaja, na mzigo mzima ukaja ukitanguliza ubavu usio sahihi, hivyo kila chupa ilivaa lebo kichwa chini. Ilibidi utepe wote uviringwe upya. Siku hizi simtumii mchapaji maneno. Namtumia kipande cha utepe wenyewe, nikiwa nimechora mshale wa mwendo, pamoja na kipimo cha tundu la katikati, ambalo kwa mashine nyingi ni milimita 76.

Mwambie pia mchoraji wako kwamba msimbo pau, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani, kwenye chupa nyembamba ulazwe, mistari yake ifanane na vipandio vya ngazi chupa inaposimama. Mistari ikisimama wima, ile ya pembeni hukimbilia nyuma ya mviringo na mashine ya kusomea haiioni.

Uliuliza pia kama karatasi ni bora kuliko plastiki. Kama chupa yako ni ya PET, ile plastiki angavu ya chupa za maji, na unajali itakakoishia, polipropilini ina faida ambayo watu hawaitaraji: PET iliyosagwa huzama majini na polipropilini huelea, kwa hiyo katika kuosha hutengana zenyewe, ilimradi gundi inaachia. Karatasi hulowa na kuwa uji unaochafua maji.

Jibu langu basi ni hili: nunua ya rola tatu, ile ambayo mtu huweka chupa kwa mkono na kubonyeza swichi ya mguu. Ni ya polepole, lakini chupa haiendi popote, na kosa likitokea unaliona likiwa bado mikononi mwako. Mashine ya mkanda subiri hadi mtu mmoja kwenye rola tatu atakapokuwa hapumziki.

Ila usilipe chochote bado. Nitumie chupa sita, tatu kutoka mfuko mmoja na tatu kutoka mwingine, zikiwa zimejazwa maji na kufungwa, pamoja na utepe wa lebo usiopungua mita mbili. Usizifute, nataka nizione kama zinavyotoka mikononi mwako. Nitazizungusha hapa kwenye rola zangu, nitazirudisha kwako zikiwa na alama ya kalamu pale maungio yanapokutana, na kwenye kila kifuniko nitaandika yameachana kwa kiasi gani.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.