Vijana wetu nao waende

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini habari yako ya Jumapili iliyopita kuhusu vijana wa kanisa kutoka Ulaya waliokuja kupaka rangi madarasa ya shule moja huku Kilimanjaro imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wako ameusifu urafiki wa sharika za huko na za kwetu kana kwamba pande zote mbili hutembeleana. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wenye rafiki wa namna hiyo, na kwetu wao huja, sisi hatuendi.

Wageni wetu wamekwisha kuja mara sita. Hulipa viza ya dola 50, na hata aliyetua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) bila kuiomba mapema huipata palepale uwanjani, na jioni hiyohiyo tunakula naye ndizi nyama. Silalamikii hilo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893 walipokewa na mtawala wa huko, Mangi Shangali, nasi tumelelewa kupokea wageni.

Mwaka jana wao ndio waliotualika. Kwaya yetu ya vijana ilikuwa iimbe katika sharika nne kwa siku 16, ilale majumbani mwa Wakristo wa huko, na nauli ya ndege ilipwe na wenyeji. Sisi tulibaki na pasipoti 12 za shilingi 150,000 kila moja, bima ya safari yenye kinga ya angalau euro 30,000 kwa kila kijana, na ada ya viza ya Schengen, yaani ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi hata ukinyimwa viza. Fedha hizo tulizipata kwa minada ya baada ya ibada, Jumapili tisa mfululizo. Mama mmoja mjane alileta mkungu wa ndizi za mshare. Aliyeununua akaurudisha mezani unadiwe tena, na wa pili akafanya vivyo hivyo, ukauzwa mara nne kabla haujatoka uani mwa kanisa.

Nilisafiri nao kwa basi hadi Dar es Salaam, kwa sababu alama za vidole hazitumwi kwa posta. Kwenye dirisha la maombi ya viza, binti wa miaka 19, mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, aliulizwa kama ana nyumba, kama ana shamba lenye hati ya jina lake, kama ana mshahara. Alijibu kwamba anasoma chuo cha ualimu, akapitisha barua ya mkuu wa chuo chini ya kioo, na barua ile ikarudishwa bila kufunguliwa. Baada ya wiki tatu tulipokea karatasi 12 zinazofanana, zenye alama kwenye kisanduku kilekile: kwamba kuna mashaka kuhusu nia ya mwombaji kuondoka kabla viza yake haijaisha. Karatasi hiyo alipewa hata mwalimu wa kwaya, mwajiriwa wa serikali mwenye mke na watoto watatu. Mhariri, ni kijana gani wa miaka 19, hapa au huko kwao, mwenye hati ya shamba? Wale waliolala nyumbani kwangu mara sita hawakuwa na hati yoyote zaidi ya pasipoti, na hatukuwatilia shaka hata siku moja.

Kilichoniumiza zaidi nilikijua baadaye. Kanuni za viza ya Schengen zinasamehe ada kwa wawakilishi wa asasi zisizo za kibiashara wenye umri usiozidi miaka 25 wanaokwenda kwenye shughuli za kiutamaduni au kielimu zilizoandaliwa na asasi za namna hiyo. Vijana wetu 11 kati ya 12 walikuwa ndani ya umri huo. Hakuna aliyetueleza, si dirishani, si dayosisini, si waliotualika.

Nalo gazeti lako lina sehemu yake. Chini ya picha ya habari ile umeandika majina ya wageni wote tisa, na vijana wetu walioshika brashi pamoja nao umewaita “wenyeji”. Wana majina.

Ninapendekeza hivi. Dayosisi iteue mtu mmoja anayezijua kanuni hizo, asimamie maombi ya vijana tangu barua ya mwaliko. Usharika rafiki ukitaka kuleta vijana tisa Julai ijayo, uandike kwanza kwa maofisa wa nchi yake kuwadhamini vijana tisa wetu kwa majina, na nakala isomwe kanisani. Na euro 1,080 tulizolipa dirishani wazifidie waliotualika. Mhazini wa kwaya analo daftari la minada, limeandikwa kila aliyetoa na alichotoa, tangu mkungu ule wa mshare hadi mayai sita ya mtoto wa Shule ya Jumapili.

Mzee wa Kanisa,
Moshi Vijijini