Kwa mpwa wangu, kuhusu mimea uliyoiita "isiyokamilika"

Mpwa wangu mpendwa,

Uliniandikia kwamba kuvumwani, ule ukijani laini wa juu ya mawe, na kangaga ni mimea isiyokamilika, kwa kuwa haitoi maua wala mbegu. Nimeona nikujibu hadharani, maana wanaofikiri hivyo ni wengi, na neno hilo linanichoma.

Mimea ilianza kuishi nchi kavu yapata miaka milioni 470 iliyopita, na maua yalichelewa sana kutokea. Leo kuna spishi 12,000 hivi za kuvumwani na zaidi ya 10,000 za kangaga. Imepungukiwa nini?

Hebu tazama inavyozaliana. Kila mmea una vizazi viwili vinavyopokezana. Kwa kuvumwani, ule ukijani laini unaotanda juu ya mawe una seti moja tu ya kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), nao ndio unaotoa mayai na mbegu za kiume. Mbegu hizo zina mikia na huogelea. Pasipo maji hazilifikii yai, ingawa vidudu vidogo vya udongoni navyo huzibeba. Yai likirutubishwa, huchipua kikonyo chembamba chenye kifuko cha spora, yaani chembe ndogo za uzazi, kichwani. Hicho ndicho kizazi cha pili, na hubaki kimeshikamana na mama yake, kikilishwa naye hadi mwisho.

Kangaga limegeuza mambo. Majani yake makubwa ndiyo kizazi chenye seti mbili. Pindua jani uone madoa ya kahawia: ni mafungu ya vifuko vya spora. Kifuko kikikauka, ukanda wake hujikunja kinyumenyume, kisha hufyatuka ghafla kama manati na kuzirusha spora. Spora ikiota, hutoa kipande chembamba cha kijani chenye umbo la moyo, mara nyingi kisichofika sentimita moja. Mayai na mbegu za kiume hutoka humo, na wengi hukipita bila kukiona.

Aliyeonyesha, mwaka 1851, kwamba mpango huu ni mmoja kwa makundi yote mawili ni Mjerumani Wilhelm Hofmeister, muuza vitabu ambaye hakusoma chuo kikuu. Namheshimu mno.

Tena yapo makangaga yanayokataa hata utaratibu huo. Vittaria appalachiana, la milima ya mashariki mwa Marekani, huishi kama kizazi kile kidogo tu. Hudondosha vipande vyake, navyo huota vikawa mimea mipya, bila kungoja majani makubwa.