Lebo ya kikapu itaje kila kipande

Mhariri,

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, masoko yetu yamejaa mifuko inayoitwa ya kitambaa. Mingi si kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ileile ya magunia ya sandarusi, isipokuwa hii haikufumwa: imeyeyushwa ikavutwa nyuzi, kisha ikabanwa kwa joto. Kikapu cha ukindu kilichoning'inia pembeni yake nacho hakina maandishi yoyote, kwa hiyo machoni pa mteja vyote viwili ni "mifuko mbadala" tu, na atachukua kilicho rahisi.

Kampeni za kununua vya nyumbani tunaziunga mkono. Ugomvi wetu ni na lebo zake. "Bidhaa asilia", "Imetengenezwa Tanzania", kibendera kwenye kona: hakuna hata moja inayosema kitu kimetengenezwa kwa nini. Vikapu vya mikanda ya plastiki navyo vinasukwa hapahapa kwa mikono ya Watanzania. Bakodi nayo haisaidii. Namba 620 mwanzoni mwake ina maana kwamba mwenye bidhaa alisajili namba zake Tanzania, basi. Haisemi kiwanda kiko wapi wala nyuzi zimetoka shamba gani.

Majina yenyewe yanapotosha. Kamba ya manila asili yake ni mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, lakini ukiomba manila dukani leo utapewa plastiki. Mto wa sufi huuzwa kama mto wa pamba. Nguo "ya mianzi" kwa kawaida ni viskosi: mianzi iliyoyeyushwa kwa kemikali ikavutwa upya kuwa uzi, na Marekani muuzaji hulazimika kuandika kwamba ni rayoni, jamii hiyohiyo ya viskosi, iliyotokana na mianzi. Lebo itaje mmea kwa jina: mkonge, ukindu, miyaa, pamba, usumba wa nazi. Neno "asilia" liachwe. Linabeba kila kitu.

Kisha itaje kila kipande na uzito wake kwa asilimia. Kazi hii haihitaji maabara. Chukua kikapu kimoja cha mfano, kifumue, tenga mwili, vishikio, bitana na uzi wa kushonea, viache vyote mahali pamoja siku nzima ndipo upime kwa mizani ya gramu. Hiyo siku ya kusubiri isirukwe, kwa sababu nyuzi za mimea hunywa unyevu wa hewa na ngozi au nailoni hazinywi kwa kiasi kilekile. Ukipima ukindu uliotoka kwenye mvua utaupa asilimia isiyo yake. Kikapu cha gramu 600 chenye ukindu gramu 450, ngozi 90, bitana ya pamba 48 na uzi wa nailoni 12, lebo yake isomeke: "Mwili: ukindu 75%. Vishikio: ngozi ya mbuzi 15%. Bitana: pamba 8%. Uzi: nailoni 2%. Kimesukwa na kushonwa Tanzania."

Mafundi wengi watataka kuificha ile asilimia 2. Iandikwe. Nailoni ni nyembamba na ngumu kuliko ukili, yaani mkanda uliosukwa kwa ukindu. Kikapu kikibebeshwa mzigo, uzi unaukata ukili kwenye mshono kama waya unavyokata sabuni. Mnunuzi anayejua kuna nailoni atajua kikapu kitaanzia wapi kuachia, na fundi anayelazimika kuiandika huenda akarudi kushonea ukindu au uzi wa mkonge.

Kwa vitu vilivyonunuliwa tayari, kama kitambaa cha bitana, neno la muuzaji halitoshi. Chomoa uzi wa mtande (wa urefu) na wa mshindio (wa upana), kila mmoja peke yake maana huenda si wa aina moja, ushike kwa kibanio juu ya sahani ya bati na uuguse moto. Pamba na mkonge huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni mepesi, ya kijivu, yanasagika vidoleni. Polista na nailoni hujikunyata, huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. Sufu na hariri hunuka nywele. Ukikuta majivu yenye punje ngumu ndani yake, ni mchanganyiko. Moto una udhaifu mmoja: viskosi huungua kama pamba, na hapo hamna budi kudai karatasi za kiwandani. Kamba iwekwe kwenye ndoo ya maji: polipropilini huelea hata ilale humo usiku kucha, mkonge hunywa maji na kuzama. Nailoni nayo huzama, kwa hiyo inayozama irudi kwenye moto.

Rangi ndiyo inayoleta malalamiko mengi kuliko yote. Ukindu uliochemshwa kwa rangi ya unga na kusuuzwa mara moja tu utaiacha rangi hiyo kwenye kanzu nyeupe ya mtu siku ya kwanza ya manyunyu. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kausha, kisha sugua mara kumi kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikishika rangi, lebo iseme wazi: "Rangi hutoka ikilowa."

Maelekezo ya matunzo yawe mafupi na yafuate nyuzi. Mkonge usiloweshwe, maji huacha alama. Usafishwe kwa brashi kavu. Ukindu ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushwe kivulini. Muuzaji naye asikifungie kikapu ndani ya mfuko wa plastiki kabla hakijakauka vizuri, maana ukungu utaacha madoadoa meusi yasiyotoka.

Lebo yenyewe isiwe karatasi ya gundi, itabanduka njiani. Utepe wa pamba wa sentimita 3 kwa 6 ulioshonewa ndani ya mshono wa bitana unatosha. Wino wa muhuri wa kawaida hufutika kwa maji. Tumieni wino wa nguo, na kabla ya kuchapa tepe mia, fueni moja kwa sabuni muone.

Yabaki ya wanunuzi wakubwa: hoteli, shule, ofisi za umma. Zabuni inayosema "mkeka wa asili, ubora mzuri" humpa ushindi mwenye plastiki ya bei ya chini. Iseme nyuzi gani, kipimo, uzito wa chini wa kila kipande, na kwamba kimoja kitafumuliwa na kuchomwa wakati wa kupokea. Ikiwa ni mkonge, iombe singa ndefu zilizopigwa brashi, kuanzia sentimita 90. Nyuzi fupi zinazobaki kwenye brashi hutoa kamba inayopukutika.

Na muda. Mkindu hutoa kuti changa moja baada ya jingine, na anayekata machanga yote kwa mpigo huudhoofisha mti. Kuti likishakatwa linahitaji siku kadhaa za jua ndipo lichanwe, lisukwe ukili na ukili ushonwe. Mvua ikiingia katikati, jani linaota weusi na kutupwa. Oda ya vikapu 500 kwa wiki mbili haiwezi kujazwa kwa ukindu mtupu. Itajazwa, lakini kwa kuchanganya, na lebo itaandikwa kama ilivyoombwa. Mnunuzi agawe oda hiyo kwa mafungu, atoe malipo ya awali ya kununulia ukindu, na mzigo wa kwanza aupokee akiwa na mizani na kiberiti mkononi.

Wasomaji wenu,
mafundi na wauzaji wa bidhaa za nyuzi