Taarifa ya Mwaka 2023 ya Mwenyekiti wa Klabu ya Wushu kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mtunza hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo fedha nitazigusa pale zilipotuuma tu. Kodi ya ukumbi ilipanda katikati ya mwaka, tukajikuta tunafanya mazoezi nje, kwenye mchanga. Vijana hawakulalamika. Wazazi walilalamika kwa niaba yao.

Kwangu mimi, jambo kubwa la mwaka ni Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyoahirishwa kutoka 2022 na kufanyika Septemba na Oktoba mwaka huu. Wushu, sanaa yetu ya mapigano ya Kichina, imo katika michezo hiyo tangu Beijing 1990, na safari hii dhahabu 15 zilikuwa zinagombewa. Sote tulimsubiri Sun Peiyuan wa Uchina, naye hakutuangusha: akachukua dhahabu yake ya tatu mfululizo katika michezo hiyo. Lakini aliyenikosesha usingizi ni Li Yi wa Macau, bingwa wa wanawake katika changquan, mojawapo ya mitindo ya wushu.

Macau ni kamji tu ka Uchina kanakoshiriki kwa jina lake. Katika miaka yote iliyoshiriki Michezo ya Asia imepata dhahabu tatu: Jia Rui mwaka 2010 kule Guangzhou, Huang Junhua mwaka 2018 kule Jakarta, na sasa Li Yi. Zote ni za wushu, na zote za taolu, yaani mienendo iliyopangwa ya kuonyesha mbele ya waamuzi; ya sanda, yaani mapambano ya ulingoni, hakuna hata moja. Najua mtasema Macau wako mlangoni kwa Wachina, makocha watawakosaje? Ni kweli. Hata hivyo wangeweza kutawanya nguvu zao kwenye michezo ishirini na kurudi mikono mitupu.

Ndipo kamati ikaamua nasi tujikite kwenye taolu, sanda tuiweke kando kwa sasa. Uamuzi huo ulileta kelele, na wapo ambao hadi leo hawanisalimii vizuri. Naomba wanielewe. Sanda inataka jukwaa la kuinuka sentimita 80, vikinga kifua na kofia za kila saizi, na daktari pembeni. Sisi tulikuwa na glavu jozi mbili za kupokezana, na mwenzetu mmoja alirudi kutoka pambano la kirafiki jino likiwa mfukoni.

Taolu nayo si lelemama. Alama ni 10: tano za usahihi wa mienendo, tatu za onyesho kwa ujumla, mbili za ugumu. Tuna kijana anayeruka na kuzunguka mara mbili hewani hadi watu wanasimama. Akitua, mguu unateleza kidogo. Sisi tunapiga makofi, mwamuzi anakata 0.1. Mwalimu alimchorea duara la chaki sakafuni, upana wa sahani ya wali, akamwambia atue humo. Ilichukua wiki kadhaa. Kwanza alikuwa anatua nje kabisa, baadaye kisigino kikawa kinafuta chaki, na mwezi uliopita alitua katikati akasimama kama mlingoti. Hakuna aliyepiga makofi, maana sote tulikuwa tunakodolea macho lile duara.

Jambo la mwisho ni makaratasi. Wasichana watatu wa timu ya wushu ya India, wenyeji wa Arunachal Pradesh, jimbo ambalo Uchina inadai ni lake, hawakufika Hangzhou kwa sababu ya mambo ya viza. Mwenzao Roshibina Devi Naorem alipata medali ya fedha katika sanda kilo 60, akaitoa zawadi kwa rafiki yake aliyebaki nyumbani. Sisi hatuna ugomvi wa mpaka na mtu, lakini nimepitia majalada yetu na watoto wengi hawana hata cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna pasipoti. Mwaka 2026 Michezo ya Olimpiki ya Vijana itafanyika Dakar, ya kwanza ya Olimpiki katika Afrika, na wushu imo kwenye orodha ya medali. Mwisho wa umri ni miaka 17, yaani tunawazungumzia wale wenye miaka 14 kushuka. Simwahidi mtu kwamba atakwenda. Ninachotaka ni wazazi walete nakala za vyeti kabla ya Machi, na asiye nacho aanze kukifuatilia sasa.

Zulia letu la taolu limefika vipande vipande na linatakiwa liwe mita 14 kwa 8. Jumamosi tunaliunga, saa mbili asubuhi. Njooni na sindano za magunia, na anayeweza alete chai.