Hawa, usibadilishiwe TLD kimyakimya

Dodoma Mjini

Hawa mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama. Umeuliza kama sasa, baada ya kukutwa na homa ya ini B pamoja na VVU, utaongezewa dawa za ini juu ya zile za CTC (kliniki ya VVU). Hapana. TLD, kidonge cha VVU unachomeza, ina tenofovir miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegravir miligramu 50. Hizo mbili za mwanzo zinapambana na VVU na homa ya ini B kwa pamoja. Tiba umeshaianza.

Kinachonitia wasiwasi ni kuikatisha. Kirusi cha B hujificha ndani ya kiini cha seli za ini. Kidonge hukizuia kuzaana, hakikimalizi. Ukiacha, huibuka tena baada ya wiki au miezi, kinga ya mwili ikazishambulia seli zilizokibeba, na ini laweza kushindwa kazi kabisa. Ramadhani isikupe shida: meza baada ya kufuturu, kila siku saa ileile.

Halafu kuna mtego wa figo. Kreatinini (kipimo cha damu cha figo) ikipanda, huenda ukaondolewa tenofovir na kuwekewa abakavir, dawa nyingine ya VVU isiyogusa B. Kwa VVU ni sawa. Kwa B, lamivudini imebaki peke yake, na ndani ya miaka michache kirusi huwa sugu kwake. Hapo sema wazi kwamba una homa ya ini B. Wanaweza kurekebisha dozi ya tenofovir au kukuongezea entekavir, dawa ya homa ya ini B. Hata zile sindano za VVU za kila miezi miwili, za kabotegravir na rilpivirini, hazigusi B. Omba HBsAg chanya (kipimo kinachoonyesha una homa ya ini B) iandikwe kwenye kadi yako, maana ukihamia kituo kingine watasoma VVU tu.

Mumeo apime HBsAg. Akiwa hana, na hana kinga, achanjwe: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wanao wadogo waliomaliza chanjo ya penta (wiki ya 6, 10 na 14) wamechanjwa dhidi ya B, ila nao wapimwe kwa kuwa mama unacho. Sahani moja ya ugali haiambukizi. Wembe unaambukiza: kirusi hiki huishi nje ya mwili hata siku 7.

Na karanga, Hawa! Unakumbuka sumukuvu (sumu ya ukungu) ya 2016 huku Dodoma na Manyara. Sumu hiyo ikikutana na B, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi, na kuchemsha hakuiondoi. Anikeni juu ya turubai, chambueni zilizooza na zilizosinyaa, mzitupe. Msiwape hata kuku.

Macho yakiwa ya njano au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda siku hiyohiyo.

Waombe vipimo vya damu vya AST (kimeng'enya cha ini) na chembe sahani (zinazogandisha damu), tukadirie makovu ya ini, unitumie majibu pamoja na kiwango cha juu cha AST cha maabara yao. Nitagawa AST kwa kiwango hicho, nizidishe kwa 100, nigawe kwa chembe sahani. Ikizidi 0.5, tutafute ultrasaundi mapema.

Rafiki yako,
M.