Saumu, huku dansa ndo mwenye kundi

Shoga angu Saumu,

Uko poa? Mama na wadogo wazima? Mi huku Nagoya, Japani, nipo, baridi kali asubuhi vidole havikunjuki, ila leo sitaki hadithi za baridi, nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichokiona kwenye sherehe ya kufunga mwaka pale ninapofanya kibarua cha jioni, na tangu siku ile kila nikikumbuka nakuona wewe.

Basi tumekula, watu wamechangamka, mara ikapigwa nyimbo moja inaitwa Choo Choo TRAIN ya kundi la EXILE. Saumu, watu waliacha sahani! Wazee wa miaka hamsini na kitu, wadada wa ofisini, yule mkuu wetu ambae mwaka mzima sijawahi kuona meno yake, wote wakajipanga mstari mmoja, mtu nyuma ya mwenzie kama wanafunzi asubuhi shuleni, wanatazama mbele. Wa kwanza akaanza kuzungusha kichwa na mabega duara kubwa, wa pili akafata akiwa kachelewa kidoogo tu, wa tatu nae, mpaka wa mwisho, na we uliekaa mbele unaona kama gurudumu kubwa la watu linazunguka, mikono na vichwa vinatokea huku na huku. Dada mmoja akanivuta akanipachika wa nne. Sikufundishwa na mtu, ukimwangalia wa mbele yako tu mwili unajua saa ngapi uanze, na nilivyozunguka nilisikia raha ambayo sijaisikia toka zile ngoma zetu za pale uwani kwa bibi yako.

Kesho yake nikaanza kuulizia. Kumbe wimbo wenyewe ni wa zamani, wa 1991, waliuimba kundi jingine linaitwa ZOO na ukatumika kwenye tangazo la kampuni ya treni inaitwa JR East, la kuwaita watu waende kuteleza kwenye theluji. Humo ndani ya ZOO alikuwemo kijana anaitwa HIRO, kazi yake kucheza. ZOO ikavunjika 1995, na we unajua dansa kundi likivunjika anakuwaje, muimbaji anaondoka na sauti yake, dansa anabaki na miguu na hakuna anaemkumbuka. Yeye hakutundika daluga. 2001 akaibuka na EXILE yeye akiwa kiongozi, na 2003 wakaurudia ule ule wimbo wa treni, na huo wa kwao ndo unaochezwa mpaka leo kwenye maharusi na masherehe.

Kiongozi, Saumu, na wala hakuwa muimbaji! Hapo ndo nilipotaka ufike. Walipoanza walikuwa sita, waimbaji wawili ATSUSHI na SHUN, wanaobaki wanne wote wachezaji, na hawaitwi watu wa nyuma, ni wanakundi kamili, majina yao wanajulikana mmoja mmoja. SHUN alipoondoka 2006 wakafanya usaili mkubwa wakampata TAKAHIRO, na 2009 wakaongezeka wakawa kumi na nne, wanne waimbaji, kumi wachezaji. Mwaka huo huo wakaenda kucheza pale uwanja wa mbele ya kasri ya mfalme wao, Tokyo, kwenye sherehe za miaka 20 toka akae kwenye kiti. Mi nikakumbuka yule msanii uliemchezea Dar miaka miwili, mazoezi kila siku mpaka usiku, af siku ya shoo jina lako hata kwenye bango halipo na unapewa nauli. Hasira ilinipanda upya.

Sa hivi nasikiliza nyimbo zao kila siku kwenye treni. Ti Amo ya 2008 lazima uisikie, ni ya mtu anaempenda mwenye mwenyewe, usiku wa jumapili kitanda kipana, yaani maneno yake ukiyatia kwenye taarabu yanakaa bila kubadilisha kitu, na ndo iliyowapa tuzo kubwa ya rekodi ya Japani, af wakaibeba tena 2009 na 2010. Michi, maana yake njia, hiyo inaimbwa sana kwenye mahafali na watu wanalia kweli. Ila nikwambie ukweli, nyimbo zao za mapenzi nyingine zinafanana mno, ukipiga nne mfululizo unachoka, hizo ziruke.

Usiyoruka ni R.Y.U.S.E.I. ya 2014. Hii sio EXILE wenyewe, ni kundi la wadogo zao kimuziki, Sandaime J Soul Brothers, hiyo sandaime ni kama kusema kizazi cha tatu. Wako saba, wawili wanaimba, watano wanacheza, na viongozi NAOTO na NAOKI wote wachezaji tena. Jina la wimbo maana yake kimondo. Kuna pale wanakimbia huku wamesimama pale pale, ile stepu ya Running Man tuliyokuwa tunajifunza kwenye baraza kwa mama Rukia mpaka kandambili zinakatika, hiyo hiyo! Wamechukua kitu cha zamani cha Wamarekani weusi wakakipa mdundo wa klabu, nchi nzima ikakimbia nao. Na ujue toka 2012 kucheza ni somo la lazima kwa watoto wa sekondari za chini huku, mwalimu anasimama mbele ya darasa anahesabu stepu.

Mi sijakubali kwamba umeacha kucheza, samahani lakini sijakubali. Sikwambii urudi kwa wale watu, la hasha. Lakini harusi ya mdogo wako ni Aprili na ntakuwa nimeshafika Tanga, video ya ule wimbo wa treni nimekutumia, iangalie pale mwanzo kabisa kabla hawajaanza kuimba. Wakusanye akina Mwajuma na wale watoto wa shangazi, watu nane wanatosha, uwafundishe taratibu. We simama wa kwanza. Mi nipange wa pili, nyuma yako.

Nisalimie wote,
Shoga yako wa Nagoya